Ngeli, Aina na Tapuli: Namna Kompyuta Inavyofunga Pamoja Visivyofanana



Uwanja ambamo isimu ya Kiswahili hukutana na taaluma ya kompyuta ni mpana. Jioni hii nimechagua kona yake moja ndogo, nayo ni ule muundo ambao waandishi wa programu huutumia kufunga pamoja thamani za aina mbalimbali. Jina la muundo huo katika Kiingereza lilitokana na maneno yenye asili ya Kilatini yanayotaja marudufu, yaani mara nne, mara tano na kuendelea. Wanahisabati walikata vichwa vya maneno hayo, wakabaki na mkia ambao waliweza kuutanguliza kwa namba yoyote. Mimi nitauita tapuli. Wapo wanaopendelea tupuli, nami siwalaumu. Ila sikio la Mswahili litasikia tupu ndani yake, na kitu chenyewe hakiko tupu.

Wanafunzi wa ushairi watakumbuka kwamba nasi tunayo majina yaliyozaliwa na hesabu, tuliyoyapata kwa njia ya Kiarabu: tathlitha, tarbia, takhmisa. Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka wake. Mishororo ya tarbia ni minne, na yote minne ni mishororo. Tapuli ya sehemu nne yaweza kubeba vitu vya aina nne.

Tuitazame tofauti hiyo kwa kutumia sarufi yetu. Tunaposema “kiti, meza na mkeka vimeuzwa,” tumeziweka pamoja nomino tatu za ngeli tatu. Kitenzi hakiwezi kubeba viambishi vitatu vya nafsi. Wasemaji wengi huchagua vi-, na sentensi hukubalika. Lakini anayekiangalia kitenzi peke yake hawezi tena kujua ni ngeli zipi zilizoingia humo. Orodha katika lugha ya programu ya Haskell ina ukali unaokaribiana na huo: vyote vilivyomo sharti viwe vya aina moja, na anayechanganya namba na maneno hukataliwa. Tapuli hufuata njia nyingine. Kila kimoja hukaa mahali pake na aina yake.

Chukueni neno paa. Lipo paa la porini, lipo paa la nyumba, achilia mbali kitenzi cha kupaa angani na kile cha kupaa samaki. Mtunzi wa kamusi ya kompyuta aweza kuandika hivi:

(“paa”, 1, “a-/wa-”, si kweli)
(“paa”, 2, “li-/ya-”, kweli)

Sehemu ya kwanza ni mfuatano wa herufi. Ya pili ni namba kamili inayotenganisha homonimu. Ya tatu ni upatanisho. Ya nne hujibu swali moja tu: je, umbo la neno hubadilika katika wingi? Mnyama hubaki paa. Paa la nyumba huwa mapaa. Maana ya kila thamani hutokana na mahali ilipo, kama vile mtenda na mtendwa wanavyotambulikana mara nyingi kwa nafasi zao katika sentensi.

Lugha ya Python ni laini zaidi, kwani hata orodha yake hupokea mchanganyiko. Humo tapuli hutofautiana na orodha hasa kwa kuwa haibadilishwi ikishaundwa. Katika Haskell, anayeweka namba mahali pa neno huzuiwa kabla programu haijaanza kufanya kazi.

Ulinzi huo, hata hivyo, una tundu. Neno na upatanisho, kama nilivyoviandika hapo juu, vyote ni mifuatano ya herufi. Mtu akivibadilishana nafasi, mashine haitateta. Edgar Codd, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano, aliona kwamba si haki kumtwisha mtumiaji mzigo wa kukumbuka mpangilio wa safu nyingi. Ndiyo maana safu zikapewa majina. Ushauri huo ni mwema, lakini kwetu hautoshi. Mmoja akiandika “a-/wa-”, wa pili “A-WA” na wa tatu “a/wa”, mashine itahesabu ngeli tatu. Dawa ni kuifanya ngeli iwe aina kamili yenye thamani zake chache zinazojulikana, isiwe maandishi matupu. Bila hivyo, programu ya kusahihisha sarufi haina msingi wa kukataa “paa wake ameezuliwa na upepo.”

Hapo ndipo fundi wa kompyuta anapoingia katika ubishi wetu wa miaka mingi bila kujua. Je, ngeli ni umbo la nomino au ni upatanisho wake? Kifaru wingi wake ni vifaru, lakini twasema kifaru amelala. Mwenye kutenga sehemu moja tu kwa ajili ya ngeli ameshaamua mjadala, na kila kamusi itakayojengwa juu ya kazi yake itaurithi uamuzi huo. Mimi naona zitengwe sehemu mbili:

(“kifaru”, 1, ki-/vi-, a-/wa-, kweli)

Kisha anakuja rafiki. Twasema rafiki amefika, lakini pia rafiki yangu. Kitenzi kinafuata a-/wa-, kimilikishi kinafuata i-/zi-. Neno hili ladai sehemu ya sita. Na katika Haskell idadi ya sehemu ni sehemu ya aina yenyewe: tapuli ya sehemu tano na ya sehemu sita ni aina mbili tofauti, wala hazikai katika orodha moja. Kwa ajili ya rafiki na ndugu zake wachache, basi, maingizo yote ya kamusi hayana budi kuandikwa upya, kuanzia herufi A.