Kiunzi cha Kugeuzia Injini ya Eropleni

Jioni hii twataka kuwaeleza habari ya kazi moja ya mikono iliyotufunza zaidi kuliko tulivyotazamia, nayo ni kutengeneza kiunzi cha kugeuzia injini kuukuu ya eropleni.

Injini yenyewe huitwa Gipsy Major. Ilianza kutengenezwa mwaka 1932 na kampuni ya de Havilland, huko Uingereza, na nyingi zilitiwa katika eropleni za Tiger Moth, zile zenye mabawa yaliyopandana, ambazo marubani wengi walifundishiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata leo zipo zinazoruka, kwa kuwa wako watu wanaozitunza. Injini hiyo ina silinda nne katika safu moja, nazo hupozwa kwa upepo, si kwa maji. Uzito wake wapata ratili 300, yaani kama kilo 136, uzito wa watu wazima wawili.

Ajabu yake ni kwamba imekaa kichwa chini. Katika injini ya motokaa, aghalabu silinda huwa juu, na mtaimbo mkuu unaozunguka huwa chini. Katika hii mtaimbo uko juu, na silinda zaning'inia chini yake. Walioibuni hawakukosa akili: kwa njia hiyo rafadha, yaani lile bapa linalozunguka mbele, huwa mbali na ardhi, na rubani huona mbele bila kuzuiwa na vichwa vya silinda. Lakini fundi anayetaka kuifungua yampasa kuifikia juu, chini na ubavuni. Wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kiunzi hiki chamwondolea fundi taabu hiyo, maana huugeuza mvungu ukaja juu.

Rafiki yetu mwenye injini kama hiyo alituomba sisi walimu wa kazi za mikono tumsaidie, tukafanya hivi. Kwanza tulitengeneza miguu miwili ya chuma, kila mmoja kwa umbo la herufi A, tukaiunganisha chini kwa vyuma virefu, na nyayo zake tukazipanua ili kiunzi kisipinduke. Pili, tulifanya fremu ya vyuma vya pembe, ya kukazwa kwa boliti mahali pale pale injini inapofungiwa katika eropleni. Tatu, mbele na nyuma ya fremu tulitia vipande vya bomba nene, vikalalia beringi juu ya miguu ile. Nne, upande mmoja tulikaza sahani ya chuma ya mviringo yenye matundu, na pini nene ya kupita ndani yake, ili injini isimame po pote tunapotaka. Kisha tukaipakia fremu mifuko ya mchanga yenye uzito mara mbili ya injini, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi hakuna kilichopinda.

Sasa lilibaki jambo kubwa: mhimili upite wapi? Sharti upite katika kitovu cha uzito, na ninyi wanafunzi mwaweza kujifunza kukitafuta hata nyumbani. Twaa kipande cha karatasi ngumu, ukitoboe karibu na ukingo, ukitundike kwenye msumari kining'inie chenyewe. Kwenye msumari huo tundika uzi wenye kijiwe, nao ni timazi, ukachore mstari unaoufuata uzi. Toboa mahali pengine, ufanye vivyo hivyo. Mistari inapokutana ndipo penye kitovu. Uweke ncha ya penseli hapo, na karatasi itatulia juu yake. Nasi tuliitundika injini kwa kapi na mnyororo, mara kwa upande huu, mara kwa upande ule, tukachora kwa chaki. Tulipoufunga mhimili hapo, chuma kile cha ratili 300 kiligeuka kwa mkono mmoja. Tukajisifu sana.

Sifa hizo hazikudumu. Siku ya tatu tulikwisha kuondoa vichwa vya silinda, silinda zenyewe na pistoni. Injini ilikuwa imekaa kama inavyokaa katika eropleni, mtaimbo juu. Tukamwambia kijana mmoja, mwanafunzi wetu, achomoe pini. Alipoichomoa, kasha lenye mtaimbo lilianguka upande mmoja kwa nguvu, fremu ikapita baina ya mkono wake na mguu wa kiunzi. Aliuvuta mkono upesi, akachubuka vidole viwili. Kama angalichelewa kidogo, angalivikosa.

Kosa lilikuwa letu, si lake. Tulikuwa tumepima injini nzima, kisha tukaondoa uzito wa chini, ukabaki wa juu. Kitovu kilikuwa kimepanda juu ya mhimili, na kitu cho chote ambacho uzito wake umekaa juu ya mhimili wake hutaka kupinduka. Pini peke yake ndiyo iliyokuwa ikikizuia.

Tangu siku ile tulikata nafasi ndefu katika bamba za mhimili, ili tuweze kuusogeza kila sehemu nzito inapoondolewa. Tukatia mpini mrefu wa kugeuzia, na sharti moja: pini haichomolewi mpaka mtu wa pili ameushika mpini na kuitikia. Tena kabla ya kugeuza twamwaga mafuta na kuziba matundu, kwa kuwa katika injini ya namna hii mafuta huchuruzika hata ndani ya silinda. Na kazi ya kufunga tena hufanywa kwa kufuata kitabu cha injini, chini ya macho ya fundi mwenye cheti, kwa maana roho za watu zitategemea kazi hiyo angani.

Vidole vya kijana yule vimepona, na siku hizi yeye ndiye asemaye kwa sauti, "Mpini umeshikwa?" kabla mtu hajagusa pini. Nanyi mkifanya kazi ya chuma au ya mti, kumbukeni kwamba kipimo cha asubuhi si kipimo cha jioni. Kila mlipoondoa kitu, pimeni tena.