Macho Hayana Pazia: Mtoto Mbele ya Runinga Yenye Ukatili

Maongezi kwa wazazi na walezi



Kati ya maswali tunayoulizwa na watumiaji wa huduma za utangazaji, limo moja lisilohusu bei ya king'amuzi wala udhaifu wa mawimbi. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa mtoto ambaye hajatimiza miaka 13 atazame vipindi vyenye mapigano, umwagaji damu na mauaji?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba vingi katika vipindi hivyo havimfai. Hata hivyo, jibu fupi halimsaidii mzazi aliyeshika rimoti mkononi saa moja jioni, kwa kuwa ukatili wa runinga si wa aina moja, wala watoto hawalingani kwa umri.

Ukatili wa aina gani?

Watoto wetu hukutana na ukatili kwa njia nyingi. Zipo filamu za mapigano ambazo madijei huzisimulia kwa Kiswahili chenye mizaha, hata kifo kikageuka kichekesho. Ipo mieleka ya kulipwa kutoka Marekani, ambayo wanamieleka wake hufunzwa kwa miaka namna ya kuanguka bila kuumia, ilhali mtoto anayewaiga juu ya sakafu ya saruji hakufunzwa na yeyote. Zipo katuni ambazo mhusika hupondwa na jiwe, kisha akasimama mzima. Na ipo taarifa ya habari, ambayo damu yake ni damu ya kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kipindi kina mapigano mangapi, tunawashauri muulize maswali matatu. Anayepiga ni nani: mhalifu, au shujaa ambaye mtoto angependa kufanana naye? Anayepigwa huumia, au maumivu yake hayaonyeshwi? Na mwisho wa yote, mpigaji huadhibiwa au hupigiwa makofi? Uchunguzi mkubwa wa vipindi vya runinga uliofanywa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika takribani robo tatu ya matukio ya ukatili, aliyeutenda hakuadhibiwa katika tukio hilo. Hilo ndilo funzo tunalolihofia kuliko ngumi yenyewe.

Wataalamu wamegundua nini?

Mwaka wa 1963, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ambamo watoto wa chekechea walionyeshwa filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa. Baadaye watoto walipopewa mwanasesere wa namna hiyo, wengi waliyarudia mapigo waliyoyaona. Wapo waliosema, na walikuwa na hoja, kwamba kumpiga mwanasesere si kumpiga mtu.

Utafiti mwingine ulifuatilia maisha yenyewe. Watoto wa miaka 6 hadi 10 wa eneo la Chicago walihojiwa mwaka wa 1977 na miaka iliyofuata, kisha wengi wao wakatafutwa tena baada ya miaka 15 hivi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 2003, yalionyesha kwamba waliotazama ukatili mwingi utotoni walielekea kuwa wagomvi zaidi ukubwani, wanaume kwa wanawake. Hali hiyo ilidhihirika hasa kwa wale waliowaiga wahusika wagomvi na kuamini kwamba waliyoyaona ni picha halisi ya maisha.

Tusizidishe chumvi. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu ukubwa wa athari hii, na hakuna filamu inayomgeuza mtoto mpole kuwa mhalifu. Umaskini, mapigo ya nyumbani na marafiki wabaya vina nguvu zao. Lakini ugomvi si dhara pekee. Yapo majinamizi ya usiku, ipo hofu ya kwenda msalani peke yake, na upo ule ugumu wa moyo unaoingia polepole, mtoto akaona mwenzake analia naye asishtuke.

Umri nao una maana yake. Mtoto wa chini ya miaka 7 aghalabu hawezi kutenga igizo na kweli, na kumwambia "ni uongo tu" hakumtulizi sana. Wa miaka 8 hadi 12 anajua kwamba mwigizaji hakufa, ila huu ndio umri wa kutafuta mashujaa na kuiga mwendo wao. Pia ndio umri anaoanza kuelewa kwamba mabaya ya habarini yaweza kumfika yeye.

Hoja mbili tunazozisikia

Wazazi wengine hutuambia: "Sisi tulitazama filamu za karate tangu utotoni na hatukuwa wakatili." Twakubali. Lakini filamu ile ilionyeshwa mara moja kwa juma, ukumbini au kwa jirani, kisha ikaisha. Leo mtoto aweza kuirudia kwenye simu hadi betri iishe.

Wengine husema: "Dunia ni katili, acha azoee mapema." Hapa tunatofautiana nao kwa heshima. Kujua ubaya ni jambo moja, na kuuzoea ni jambo jingine. Mtoto anaweza kufundishwa kuhusu hatari na mtu anayempenda, kwa kiasi anachoweza kukibeba.

Sheria inakulinda hadi wapi?

Hapa Kenya, kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinavitaka vituo vinavyotangaza bila malipo visionyeshe maudhui ya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Agizo hilo linagusa pia matangazo ya biashara na vionjo vya filamu. Bodi ya Kuainisha Filamu nayo huzipa filamu alama: GE kwa watu wote, PG kwa zile ambazo mtoto anahitaji mwongozo wa mzazi, 16 na 18 kwa zisizowafaa walio chini ya umri huo. Mtoto wa miaka 10 hana haki ya kuonyeshwa filamu ya alama 16, hata kama "amezoea".

Lakini ulinzi huu una mipaka, na mtumiaji mwerevu huifahamu. Saa 4 usiku haimlindi mtoto aliye macho saa 4 na nusu. Filamu iliyonakiliwa kwenye diski au simu haifuati saa yoyote. Na chaneli za kulipia zinazotoka nje hufuata saa na alama za kwao, ambazo huenda zisioane na zetu.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, ulizia kufuli la wazazi. Ving'amuzi vingi vya kulipia vinalo, nazo huduma nyingi za filamu za intaneti zinayo nafasi ya akaunti ya mtoto. Fundi anapokuja kuunganisha king'amuzi, mwambie akuonyeshe namna ya kulifunga, kisha badilisha nambari ya siri aliyoikuta. Nambari ambayo mtoto anaijua si kufuli.

Pili, tunajua kwamba familia nyingi huishi katika chumba kimoja, na kumwambia mzazi ampeleke mtoto "chumbani kwake" ni kumdhihaki. Waswahili husema macho hayana pazia: kilicho mbele ya mtoto atakiona, hata akijifunika shuka. Katika nyumba kama hiyo, wakubwa ndio watakaohamisha saa yao. Filamu na isubiri watoto walale, au itazamwe kwa simu na vipokea sauti.

Tatu, keti naye. Mtoto anapoona mapigano ukiwa kando yake, muulize: "Huyu aliyepigwa anajisikiaje? Wangeweza kumaliza ugomvi kwa njia gani nyingine?" Kunyamaza kwa mzazi mbele ya ukatili, mtoto hukusoma kama idhini.

Nne, jihadhari na habari. Mnamo Septemba 2013, shambulio la jumba la Westgate jijini Nairobi lilidumu siku nne, na runinga katika nyumba nyingi hazikuzimwa. Siku kama hizo, mkubwa asikilize redio au asome gazeti, kisha amweleze mtoto kwa maneno machache yaliyo kweli: nini kimetokea, nani wanasaidia, na kwamba yeye yuko salama pale alipo.

Ukikuta kituo kimekosea

Malalamiko yenye uzito huanza na kalamu. Andika jina la kituo, jina la kipindi, tarehe, saa na kile hasa kilichoonyeshwa. Peleka malalamiko kwa kituo chenyewe na utunze nakala. Usiporidhika na jibu, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ikiwa kasoro ni ya filamu inayouzwa au kuonyeshwa hadharani bila alama, ipashe habari Bodi ya Kuainisha Filamu. Usichelewe, kwa kuwa rekodi za vipindi hazihifadhiwi milele. Barua moja yenye tarehe na saa hushinda manung'uniko mia ya sebuleni.

Mabibi na mabwana, hatukuja kuwaomba mzime runinga. Imewafunza watoto wetu mengi, kuanzia hesabu hadi wanyama wa mbugani. Tunachoomba ni kwamba kile kinachoingia nyumbani kwa njia ya kioo kipite mlangoni kwa mzazi kwanza, kama apitavyo mgeni mwingine yeyote: abishe hodi, ajulikane, ndipo akaribishwe au aambiwe arudi watoto wakishakua.