SIKILIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA
(Mazungumzo ya fundi wa kinu mbele ya mkutano wa wanachama)



Injini ya kinu chetu inagonga. Mmoja kasema pistoni, mwingine beringi, wa tatu kaja na spana tayari. Ngojeni kwanza, ndugu zangu. Masikio yatangulie.

Nitatoa mfano wa gari la zamani, Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927. Lilikuwa na silinda nne, na injini yake ni rahisi kueleweka. Fundi wa siku zile alipima hivi:

1. Cheche. Dereva alipanga mwenyewe wakati wa cheche, kwa mkono mdogo ulio kushoto kwa usukani. Gari likigonga mlimani, aliupandisha mkono huo ili cheche ichelewe. Kelele ikikoma, pistoni haina kosa.

2. Baridi na moto. Pistoni iliyolika hucheza na kupiga ukuta wa silinda: ta-ta-ta. Asubuhi hupiga sana. Injini ikipata moto, pistoni hutanuka, nafasi hupungua, kelele hufifia. Beringi ya konrodi ni kinyume chake: moto ukizidi oili huwa nyepesi, nayo hugonga kwa kishindo, hasa penye mzigo.

3. Silinda ipi? Kila silinda ilikuwa na koili yake katika kisanduku mbele ya dereva. Ukibana ulimi wa koili moja, silinda ile haiwaki. Kelele ikipungua, umejua nyumba ya mgonjwa, lakini ugonjwa bado.

4. Oili nzito. Fungua plagi ya silinda hiyo, mimina oili nzito kidogo, zungusha injini, rudisha plagi, washa. Kelele ikitulia kwa muda kisha ikarudi, ni pistoni. Isipobadilika, shuku beringi.

Nikiwa bado najifunza kazi, lori moja la petroli liligonga. Tukasema, "Ni pistoni tu, litanyamaza likipata moto." Halikunyamaza, nasi tukaliachia liende. Konrodi ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini. Beringi moja tu ingetosha kuliokoa.

Sasa kinu chetu. Ni cha dizeli, hakina plagi wala koili, na dizeli ina mlio wake hata ikiwa nzima. Lakini hilo la baridi na moto linafaa. Nimekisikiliza asubuhi tatu. Kikiwa baridi kinagonga kidogo. Kikipata moto na mahindi yakimiminwa, kishindo kinazidi. Hiyo si dalili ya pistoni.

Kwa hiyo naomba kinu kisimame leo hii mpaka tukifungue chini. Najua akina mama mtabeba mahindi mbali, na hilo linaniuma. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa fedha zetu sote.