Nani Aliyetenda Dhambi?

Somo: Yohana 9:1-3



Katika somo la leo wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Yesu ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa kumtwika mtu yeyote lawama hiyo. Hata hivyo swali hilo linaulizwa mpaka leo, na sisi tuliwahi kuliuliza kwa kinywa chetu wenyewe.

Tuliitwa kwenye nyumba moja si mbali na ufuo wa Dunga. Mtoto wa miaka minne alikuwa akilia kwa maumivu ya mifupa, na macho yake yalikuwa ya manjano. Ndugu zake wawili walikuwa wamekwisha kufa wakiwa wachanga. Wazee walisema hiyo ni chira. Mama mkwe alitaka mkaza mwanawe arudi kwao, kwa sababu ameleta damu mbaya nyumbani. Sisi tuliomba, kisha, twakiri kwa aibu, tulimwuliza mama yule kama ana jambo la kuungama. Hakujibu. Alimpakata mtoto akalia.

Ndipo wifi yake, msichana wa kidato cha nne, aliposema, "Baba Mchungaji, naomba niwaonyeshe jambo tulilofundishwa shuleni." Akachukua kamba ya kufungia mbuzi, iliyosokotwa kwa nyuzi mbili za katani.

Alitueleza kwamba ndani ya kiini cha kila seli yenye kiini mwilini mwetu kuna uzi mwembamba sana uitwao DNA. Umefanywa kama ngazi iliyosokotwa mfano wa kamba ile. Miti miwili ya pembeni ni sukari na fosfeti zilizopangwa kwa zamu. Vipago vya katikati ni jozi za herufi nne tu: A, T, C na G. A hushikana na T, na C hushikana na G. Kwa hiyo ukiujua upande mmoja, umeujua na wa pili. Seli inapotaka kugawanyika, ngazi hufunguka katikati kama zipu, na kila upande hujengewa mwenzake mpya. Ndivyo maandishi yanavyonakiliwa toka seli hata seli, na toka mzazi hata mtoto. Umbo hili lilitambuliwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick kule Cambridge, wakisaidiwa na picha za eksirei zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin huko London.

Herufi hizo husomwa tatu tatu, kama maneno, na kila neno huuambia mwili ni tofali gani la protini lifuate. Nakala moja ya maandishi yetu yote ina herufi karibu bilioni 3. Nasi tuna nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama.

Sasa sikilizeni. Katika maagizo ya kutengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, neno la sita ni GAG. Kwa watu wengine limekuwa GTG. Herufi moja tu imebadilika! Mtoto akipokea kosa hilo kwa baba na kwa mama pia, chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu ule wa kuvunia mpunga kule Ahero, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Huo ndio ugonjwa wa selimundu.

Lakini aliyepokea kosa hilo kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida ni mzima, tena hukingwa na malaria kali. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu nyingi za nchi. Aliona alama hiyo kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100 karibu na Pwani na karibu na ziwa hili, kwenye mbu wengi. Huko nyanda za juu ilikuwa adimu. Mwaka 1954 alitangaza kwamba sababu yake ni malaria. Basi alama hiyo si chira. Iliwalinda wengi wa babu zetu.

Wapendwa, hatusemi kwamba Mungu humtesa mtoto mmoja ili amponye mwingine. Jambo hilo hatuwezi kulisema mbele ya mama anayelia. Twasema hili: hakuna aliyeroga, na hakuna mzazi aliyechagua herufi hiyo.

Wazazi wale walikwenda hospitali wakapimwa. Wote wawili walikuwa nayo, kila mmoja nakala moja. Kwa wazazi kama hao, katika kila mimba, nafasi ya mtoto kuugua ni moja katika nne. Baadaye mama mkwe naye alipimwa, akakutwa anayo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akampikia mkaza mwanawe uji, akampelekea kwa mikono yake miwili. Nasi tulirudi nyumba ile kumwomba mama yule msamaha.

Basi, ninyi vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu mapema. Ninyi wazazi, mtoto mwenye selimundu mpelekeni kliniki bila kukosa, mpeni dawa alizoandikiwa na maji mengi ya kunywa, na alale ndani ya chandarua, kwa maana malaria humdhuru sana. Na sisi wachungaji, tukiitwa penye ugonjwa, tusitangulie kutafuta mkosaji.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetufahamu tungali tumboni, utusamehe maneno tuliyowatwika wanaoumia. Uwape nguvu watoto wanaougua, na utufundishe kubeba mzigo pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.