Viti vya Mbele mjini Washington

Tarehe 20 Januari 2025, Donald Trump alipokuwa akila kiapo chini ya kuba la Bunge la Marekani, nyuma yake waliketi vigogo wa teknolojia Mark Zuckerberg, Jeff Bezos, Sundar Pichai na Elon Musk, tena mbele ya wale walioteuliwa kuwa mawaziri. Na ingawa kuketi kitini si dhambi, mpango wa viti nao una lugha yake.

Tukumbuke kwamba Januari 2021 kampuni ya Zuckerberg ndiyo iliyomfungia Trump ukurasa wake wa Facebook, na siku 13 kabla ya kiapo hiki ikatangaza kuachana na wahakiki wa habari nchini Marekani. Wapo wasemao kuwa huko ni kurejesha uhuru wa kusema, kwani wahakiki, kwa rai yao, walielemea mrengo wa Democratic. Wengine, nami si mbali nao, wanamwona tajiri ageuzaye tanga kufuata upepo.

Je, sisi yatuhusu nini? WhatsApp, tunayopelekeana kwayo salamu, bei za samaki na habari za misiba, ni milki ya kampuni hiyo hiyo. Basi nakuulizeni: upepo wa Washington ukigeuka tena, sisi abiria tutaulizwa na nani?