Mohamed Amin, Mpiga Picha Asiyeandikwa na Mtu
(Mazungumzo kwa vijana na wazazi wa West Indies, Eldoret)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi. Hapa kwetu West Indies kijana akisema anataka kuwa mpiga picha, swali la kwanza nyumbani ni, "Umeandikwa na nani?" Jamani, wako waliojiandika wenyewe na dunia ikawajua. Mmoja ni Mohamed Amin, Mkenya na Mwislamu kama sisi.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Baba yake, mwenye asili ya Punjab, alikuwa mfanyakazi wa reli, si tajiri. Familia ikahamia Dar es Salaam, na huko Mo, kama walivyomzoea, alianza na kamera kuukuu ya Box Brownie akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963, kijana wa miaka ishirini hivi, akafungua kampuni yake, Camerapix.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe inavyokwenda. Mpiga picha wa kujitegemea hana mshahara wa mwisho wa mwezi, anakula alichouza. Siku hizo intaneti hakuna. Filamu ilipanda ndege mpaka London, na ikichelewa, habari imechacha, mnunuzi humpati. Mo alibeba kamera ya sinema na ya picha za kawaida pamoja, ili tukio moja aliuze kwa televisheni na kwa magazeti pia. Hiyo ni hesabu ya biashara, si bahati. Na hatari ilikuwepo: Zanzibar, mwaka 1966, alifungwa jela karibu mwezi mzima.

Mwaka 1978 alitoa kitabu cha picha za Hijja. Lakini wengi wanamjua kwa Ethiopia. Oktoba 1984 aliingia Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga filamu ya watu waliokuwa wakifa njaa. Vituo zaidi ya 400 duniani viliionyesha, misaada ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid. Kuna wanaouliza, je, ni adabu kumpiga picha mtu anayekata roho? Swali zuri, tusilikimbie. Mimi naona wale watu walikuwa wakifa kimya kimya, na kabla ya filamu ile wakubwa wa dunia hawakushtuka.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki, naye Mo akakatika mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini! Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Watu 125 walikufa, naye akiwa mmojawapo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Camerapix ilibaki mikononi mwa mwanawe, Salim Amin, pamoja na hazina kubwa ya picha za baba yake.