MANENO YA KUMKUMBUKA NDUGU PAUL BOMANI, MTU WA DUKA NA MIZANI

(Yalisomwa na Kamati ya chama mbele ya wanachama, nje ya godauni la pamba. Tunayabandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani siku ile.)

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa juu ya magunia,

Tuliwaahidi kwamba kabla ya kuchagua karani wa mizani tutasema habari za mtu mmoja. Wengine mmeuliza, "Huyo si alikuwa waziri? Sisi na mawaziri wapi na wapi?" Ni kweli, alikuwa waziri. Lakini leo hatumkumbuki kwa uwaziri. Tunamkumbuka kwa yale aliyoyafanya alipokuwa kijana wa biashara mjini Mwanza, hajawa na gari wala jina.

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kisabato, na nyumba ile ilipenda shule. Ndugu yake Mark alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Yaliyo ndani ya nyumba yake ni ya wanawe kuyasema. Sisi tutasema yale yaliyoingia ndani ya nyumba zetu.

Alianza na ukarani Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Mwaka 1947 akaja Mwanza kufanya kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Vita ilikuwa imekwisha juzi tu, bidhaa za jumla zilikuwa adimu, na mgawo wake ulikuwa kwa wakubwa wa biashara. Mwenye kiduka cha kijijini alipata mabaki, tena kwa bei ya kuumiza. Basi wenye maduka wakachanga fedha zao, wakanunua kwa pamoja. Bomani akawa katibu. Hesabu za chumvi, sukari na majora ya nguo ndizo zilizomfundisha kazi.

Sasa jamani, mteja wa duka ni nani huku kwetu? Ni mkulima wa pamba. Mkulima akipunjwa, duka nalo linalala. Wenye maduka walilijua hilo vizuri, wala si aibu kulisema: waliingia katika shida ya mkulima kwa sababu ilikuwa shida yao pia. Mwaka 1950 Bomani alizunguka vijiji vya Usukuma mpaka Ukerewe, akiuliza watu wana malalamiko gani. Kila alikokwenda jibu lilikuwa moja: mizani.

Ninyi wazee mnajua namna ilivyokuwa, kama si kwa macho basi kwa masimulizi ya baba zenu. Mtu anatembea tangu alfajiri, mzigo kichwani, anafika kwa mnunuzi. Mizani imegeuziwa mnunuzi, mkulima haoni namba. Kusoma hajui, na akijua, nani atamsikiliza? Anatajiwa ratli, anapewa fedha, anaambiwa apite. Tupige hesabu kidogo. Ukipunguziwa ratli 5 kwa kila mzigo, na umeleta mizigo 10, ratli 50 zimekwenda. Mzigo mzima huo! Mama wa nyumba aliupalilia, akauchuma, akauchambua safi na fifi, halafu ukalipwa kwa mtu mwingine. Nguo ya mtoto iliishia pale, na ada ya shule iliishia pale.

Mwaka huo huo wa 1950 kikaanzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Dai lao la kwanza halikuwa kubwa kama watu wanavyodhani. Hawakuanza kwa kutaka kiwanda. Walitaka mizani ambayo mkulima anaweza kuiamini, na mtu wa kuisoma asiyelipwa na mnunuzi. Kiwanda kilikuja baadaye. Bomani alikwenda Uingereza, kwenye Chuo cha Ushirika cha Loughborough, mwaka 1953 mpaka 1954, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation. Mwaka 1956 jineri ya kwanza ya wakulima ikafanya kazi Kasamwa, huko Geita. Kufika mwaka 1960 vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 300.

Na kumbukeni, miaka ile ile serikali ya kikoloni iliikataza TANU kufungua matawi katika Jimbo la Ziwa, kuanzia 1954 mpaka 1958. Kwa hiyo mkutano wa pamba ndio uliokuwa mkutano.

Baadaye alikwenda Dar es Salaam, akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962, kisha Balozi Marekani tangu 1972 mpaka 1983. Alifariki tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na miaka 80.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kazi ile ilibaki safi. Yeye alipokwisha kwenda kwenye uwaziri, ushirika ulikua haraka kuliko waangalizi wake. Manung'uniko yakarudi, safari hii dhidi ya watu wetu wenyewe: makarani wetu, kamati zetu. Serikali ikaunda tume mwaka 1966. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Mzee mmoja hapa alituambia wiki iliyopita: "Mhindi aliniibia nikalia, mtoto wa jirani akaniibia nikanyamaza." Tumelifikiria sana neno hilo.

Maana na hapa kwetu yapo maneno. Msimu uliopita kuna wanachama waliosema kilo zao hazikutimia. Kuna wengine, tunawajua, wameshachukua fedha za mnunuzi wa usiku na pamba yao bado iko mtini. Hatuwatukani. Mtoto akiugua usiku, mtu huchukua fedha inayopatikana. Lakini mnunuzi huyo anakuja na mizani yake, na tochi anaishika yeye.

Kwa hiyo Kamati imekubaliana hivi. Mizani ya chama itageuzwa uso wake kwa mkulima, siyo kwa karani. Namba itasomwa kwa sauti mbele ya mwanachama mwingine, ndipo iandikwe. Na karani safari hii hatateuliwa na sisi. Mtamchagua ninyi, na jamaa wa wajumbe wa Kamati hawaruhusiwi kugombea.

Kura ni Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa hapa godauni. Njoo na kitabu chako cha uanachama. Mume na mke walioandikishwa wote wawili, kila mmoja ana kura yake. Mizani itatolewa nje tangu saa tatu, pamoja na jiwe la kilo 20, kwa yeyote anayetaka kuijaribu.